Mlango wa Sentimita Tisini na Mbili

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Siku kubwa! Hatimaye kazi inayolingana na kichwa changu.

Miaka kumi na moja nimekaa masjala ya kituo cha afya. Kadi za wagonjwa kushoto, mafaili kulia, panya katikati. Leo Daktari Mkuu ameita kikao. Akasema watu wa ng'ambo ya barabara kuu wanateseka. Kinamama wenye watoto mgongoni, wazee wa presha, wote wanavuka njia sita za malori kuja kupanga foleni kwetu. Wengi wamekata tamaa, hawaji tena. Akaeleza kwamba serikali inaruhusu kituo kufungua kliniki tanzu ya saa chache, yaani chumba cha tawi chenye nesi na vifaa, kinachofanya kazi siku mbili tu kwa wiki. Mradi kanuni zifuatwe na mkaguzi wa Idara aridhike. Anatafuta mtu wa kuishughulikia. Atakayefanikiwa ndiye atakuwa Msimamizi.

Msimamizi! Mkono wangu ulipanda wenyewe. Kwa bahati mbaya ulipanda pamoja na wa Darubini.

Darubini ni fundi wetu wa maabara. Jina hilo nimempa mimi, kwa kuwa hawezi kumtazama mtu bila kufumba jicho moja. Daktari akasema vizuri, kila mmoja atafute chumba, mkaguzi anakuja Alhamisi ya wiki ijayo, ataviona vyote viwili. Akatupa kila mtu kijitabu cha kanuni. Kurasa arobaini na nane! Darubini akaanza kukisoma palepale kikaoni. Watu wengine hawana hata haya.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Chumba nimepata. Siku moja tu! Mtu mwingine angehangaika mwezi.

Ni darasa la chuo cha udereva, ng'ambo ya barabara. Mwenye chuo tunamwita Klachi. Jumanne na Alhamisi wanafunzi wake wako barabarani wakitisha watu, darasa liko tupu. Amekubali tulitumie siku hizo, kwa sharti moja dogo kwamba wanafunzi wake wote wawe wanapimwa macho na kupewa cheti. Nimekubali kwa niaba ya kituo. Daktari nitamwambia siku akiwa na furaha.

Chumba ni safi. Kuta zimejaa michoro ya alama za barabarani, lakini mgonjwa naye anahitaji kitu cha kutazama. Kitanda cha kupimia nimeamua kiwe chini ya ile nyekundu iliyoandikwa SIMAMA. Hakuna nafasi nyingine.

Kasoro ni moja. Ukurasa wa tisa unataka mlango usiopungua sentimita tisini, ili kiti cha magurudumu kipite. Nikapima. Sabini na mbili. Nikapima tena nikiwa nimebana pumzi. Sabini na mbili.

Jioni nikaikumbuka tepu ya zamani ya mke wangu. Yeye ni mshonaji. Mwaka jana mkasi uliikata tepu hiyo kwa bahati mbaya, sentimita ishirini za mwanzo zikaenda, tangu hapo anaifungia mabunda ya vitambaa. Nikarudi nayo chuoni mbio. Tisini na mbili! Na kwenye fomu hakuna mahali wanapouliza tepu yako inaanzia namba gani.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Habari mbaya. Nesi, ambaye hawezi kukaa na siri hata kwa muda wa kumchoma mtu sindano, amenieleza chumba cha Darubini. Ukumbi wa wastaafu, mtaa uleule. Una mabomba mawili ya maji. Una choo. Una mteremko wa kiti cha magurudumu. Mlango wake unapitisha ng'ombe wawili wakiwa wanazungumza. Inachukiza.

Lakini mimi silali. Saa sita nikaaga masjala kwamba naenda kutafuta faili lililopotea, nikaenda ukumbini. Mtunza ukumbi ni mzee aliyewahi kuwa tarishi wa posta. Akanieleza kwamba ukumbi hutolewa bure kwa kikundi chochote cha wakazi, anayewahi ndiye anayepata. Darubini alikuwa amesema atarudi kesho na barua. Barua! Nikauandikisha ukumbi hapohapo, kila Jumanne na kila Alhamisi, mwaka mzima, kwa jina la Umoja wa Wapenda Kumbukumbu. Mzee akauliza wanachama wangapi. Nikasema arobaini. Mwenyekiti nani? Nikainama kwa unyenyekevu.

Akasema sharti ni moja tu, mkutano wa kwanza ufanyike Jumanne, la sivyo jina linafutwa. Nikasema bila shaka. Nitakwenda na daftari la mahudhurio na kalamu za rangi nne, nitaweka sahihi arobaini mwenyewe. Mwandiko wangu unabadilika vizuri sana.

Nilimwona Darubini jioni akinawa mikono maabara. Nilikaribia kumwonea huruma. Ikapita.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Nimejaza fomu ya Idara. Kipaji changu chote kimo humo.

*Maji yanayotiririka:* yapo. (Ndoo yenye koki juu ya meza. Maji yanatoka juu kwenda chini. Kama huko si kutiririka, sijui ni nini.) *Upana wa mlango:* 92. *Gari la dharura:* lipo saa zote. (Gari la Klachi la kufundishia. Lina breki mbili, ya mwalimu na ya mwanafunzi. Nani mwingine ana usalama wa namna hiyo?)

Mke wangu aliisoma fomu akiwa anapinda suruali ya mtu. Akauliza tisini na mbili nimeipata wapi. Nikasema kwa vipimo. Halafu akaacha mashine, akauliza kama kliniki hiyo itafunguliwa kweli, au ni yale mambo yangu. Akasema mama yake ana miezi saba hajapimwa presha. Anaogopa ile barabara, na dawa zake anazimeza siku akikumbuka.

Nikamwambia mama yake ndiye atakuwa mgonjwa wa kwanza. Niliyasema tu, kama mtu anavyosema. Lakini alinitazama kwa namna ambayo hajanitazama tangu nilipopoteza kabati lake la vitambaa. Chai ya jioni ilikuja na andazi.

Jumanne, tarehe 11 Machi

Sitaki kuandika. Naandika.

Nilifika ukumbini saa nne kamili, peke yangu, na daftari langu. Nikafungua mlango. Watu thelathini na mmoja! Wastaafu, wamekaa kwenye viti, wamevaa vizuri. Yule mzee wa posta alikuwa amewatangazia nyumba kwa nyumba. Mazoea ya kazi. Kila mmoja alikuja na kumbukumbu zake. Wengine na picha. Bibi mmoja na kitambulisho chake cha shule ya msingi.

Nikajikaza, nikafungua mkutano kama Mwenyekiti. Mama mmoja wa mstari wa mbele, mwalimu mkuu mstaafu, akauliza nimechaguliwa lini na nani. Swali la kichokozi. Ukafanyika uchaguzi. Yeye kura thelathini. Mimi mbili. Moja ilikuwa yangu. Nyingine ya babu aliyedhani tunapigia kura kufungua madirisha.

Mimi nimechaguliwa mpangaji wa viti.

Kisha, kwenye mengineyo, nani anabisha hodi? Darubini. Na barua yake. Akaeleza polepole, jicho moja limefumba, kwamba anaomba Umoja uachie saa zake kwa ajili ya kliniki. Nikasimama kupinga. Nikasema kumbukumbu za taifa haziwezi kusubiri. Mwenyekiti akaniambia, "Wewe kijana, kaa chini. Na viti vya nyuma havijanyooka."

Nina miaka arobaini na sita. Nikavinyoosha.

Watapiga kura Jumamosi. Haidhuru. Mkaguzi anakuja keshokutwa. Nikishapita mimi, wakae na ukumbi wao.

Jumatano, tarehe 12 Machi

Maandalizi. Nimeazima kiti cha magurudumu cha kituo, kile kipana cha zamani. Nikagundua jambo la kusikitisha, kwamba mlango haujasoma fomu yangu. Kiti hakipiti.

Dakika tano za wasiwasi. Halafu jibu. Kiti kinakunjika! Unakikunja nje, unakipitisha ubavu, unakikunjua ndani. Mkaguzi akifika anamkuta mgonjwa ameshakaa kwenye kiti, katikati ya chumba, anatabasamu. Kiti kikiwa ndani tayari, nani atauliza kiliingiaje?

Mgonjwa ni Mama Mkwe. Anatembea vizuri tu, akitoka kwangu huwa anatembea mbio. Nilikwenda kumwomba. Sikumwambia habari ya kupimwa, maana neno hilo likitajwa anaanza kudai ana mboga jikoni. Nilimwambia kuna igizo dogo, yeye ndiye mhusika mkuu, anaigiza bibi asiyeweza kutembea. Macho yakang'aa. Akauliza avae nini. Akalalamika kidogo kwamba tangu juzi kichwa kinamgonga kwa nyuma, lakini akasema hatakosa.

Klachi ameahidi gari litakuwa mlangoni kuanzia asubuhi.

Alhamisi, tarehe 13 Machi

Saa tatu kila kitu tayari. Kitanda chini ya SIMAMA. Ndoo imejaa. Nesi amevaa sare. Mama Mkwe kwenye kiti, kanga mpya magotini, anaigiza kupita kiasi kabla hata hatujaanza.

Mkaguzi akafika pamoja na Daktari Mkuu. Na Darubini nyuma yao, eti ametoka kuonyesha ukumbi. Mkaguzi ni mwanamke mfupi, mkimya, ana viatu vya kutembelea. Nikamwita Mheshimiwa. Akasema Mkaguzi inatosha.

Alitazama ndoo kwa muda mrefu. Alitazama alama za barabarani. Akauliza gari la dharura liko wapi. Nikachungulia nje. Hakuna gari! Nesi akanong'ona kwamba Klachi amempata mwanafunzi mpya, wamekwenda kujifunza kupanda mlima. Nikasema liko kwenye mazoezi ya dharura.

Halafu Mkaguzi akatoka nje, akasimama uani, akageuka. Akasema, kwa upole kabisa, "Naomba nimwone mgonjwa akitoka."

Kutoka! Kutoka sikukufikiria.

Nikasukuma kiti taratibu, nikiomba mlango upanuke. Haukupanuka. Nikasukuma kwa nguvu. Kiti kikaingia nusu, kikakwama. Hakiendi mbele, hakirudi nyuma. Uso wa Mama Mkwe uko nje, mimi niko ndani nyuma yake na Nesi, na ndiyo tundu pekee la kutokea. Mkaguzi akaomba tepu niliyopimia, akaitazama, akaitia mfukoni, akatoa yake. Yake inaanzia sifuri.

Nikamwinamia Mama Mkwe sikioni, nikamwambia igizo limekwisha, asimame tu, aondoke kwa miguu yake. Akajaribu. Akainuka kidogo, akarudi chini kwa kishindo. Akasema, "Baba, naona watu wawiliwawili." Nikamnong'oneza kwamba sasa anatia chumvi, inatosha. Akanyoosha mkono wa nyuma kunitafuta. Nikaushika. Ulikuwa baridi, na ulitetemeka kwa namna ambayo mtu haigizi.

Nesi alinisukuma pembeni na kiwiko. Akamfunga mpira wa presha mkononi hapohapo mlangoni, akapampu. Akapima tena. Nesi huyo, anayepiga soga hata kwenye vikao vya nidhamu, akapima mara ya tatu. Kisha akasema kwa sauti ya watu wote, "Mia mbili na kumi kwa mia na ishirini na tano. Huyu aende hospitali sasa hivi."

Nilivuta kiti. Nikavuta kama mwendawazimu. Nikapiga mwimo wa mlango kwa bega. Nesi akasema nitamwangusha, niache. Darubini akapiga magoti nje, akatoa bisibisi mfukoni, sijui kwa nini mtu anatembea na bisibisi, akafungua mkono wa kiti upande mmoja, kisha gurudumu. Dakika mbili. Kiti kikalegea, yeye na Daktari Mkuu wakambeba. Gari la Klachi halikuonekana. Mkaguzi akafungua mlango wa gari lake mwenyewe, wakamlaza kiti cha nyuma na Nesi, Daktari akapanda mbele, wakaondoka.

Nilibaki chumbani. Mkono wa kiti sakafuni. Nikauokota. Nikakaa chini. Nilifikiria nitamwambiaje mke wangu, na kila sentensi niliyoanza ilikuwa ya uongo.

Baada ya nusu saa Klachi akarejea, gari linarukaruka. Akauliza ukaguzi umekwendaje.

Ijumaa, tarehe 14 Machi

Yuko salama! Presha imeshuka. Daktari wa wodi amesema angekaa nyumbani siku mbili tatu zaidi, huenda kiharusi kingemkuta peke yake jikoni. Leo ameshaanza kuwaelekeza wauguzi jinsi ya kutandika vitanda.

Mke wangu hasemi nami moja kwa moja. Anapitia kwa mama yake. "Mama, mwambie huyo mtu asogeze kiti." Nikasogeza kiti. "Mama, mwambie huyo mtu tepu yangu iko wapi." Nikasema kwa Mama Mkwe kwamba tepu iko kwa Mkaguzi, ameibana kwa pini kwenye ripoti yake kama ushahidi.

Nilijaribu kuomba radhi. Nilianza vizuri, halafu nikajikuta naeleza upana wa milango kwa ujumla. Mama Mkwe akanikatiza. Akasema, "Mkwe wangu, ungeniambia njoo upimwe, nisingekuja. Umeniambia njoo uigize, ndiyo nikaja."

Mke wangu akaweka bakuli la uji mezani kwa nguvu. "Mama, usimpe kichwa huyu. Nakuomba."

Amechelewa. Nilikuwa nimeshapewa.

Nimelifikiria jambo hili njia nzima ya kurudi. Kliniki yangu ilifunguliwa kwa dakika arobaini. Ilihudumia mgonjwa mmoja. Ikamwokoa. Hiyo ni asilimia mia moja! Nitajie hospitali kubwa yenye matokeo hayo.

Jumatatu, tarehe 17 Machi

Wameshindwa kuona mambo kwa upana.

Daktari Mkuu ameniita. Ripoti ya Mkaguzi ina kurasa nne, na tatu zinanihusu mimi. Neno "sabini na mbili" limepigiwa mstari mara mbili. Nikamweleza Daktari habari ya asilimia mia moja. Akavua miwani, akafuta vioo, akavaa, akanitazama kana kwamba alitegemea kumwona mtu mwingine. Akasema kwamba mama wa watu angekufa mlangoni kwangu. Hakupaza sauti. Angepaza ningejua la kujibu.

Umoja wa Wapenda Kumbukumbu umepiga kura Jumamosi. Saa zote za Jumanne na Alhamisi zimeachwa kwa kliniki. Thelathini na moja kwa sifuri. Hata yule babu wa madirisha! Mimi sikualikwa, nilitumiwa ujumbe nikapange viti. Kibali kimetoka. Darubini ndiye Msimamizi. Klachi naye amepiga simu mara tatu kuulizia vyeti vya macho. Simu nimeizima.

Niko masjala. Mchana Darubini akaja dirishani, na kadi mpya mkononi, ya kliniki mpya. Akaniomba niiandike mimi kwa kuwa mwandiko wangu ni mzuri. Nilidhani ananikejeli. Nikatazama jina. Mama Mkwe. Namba moja, Jumanne, saa tatu. Darubini akasema mke wangu ameomba iwe hivyo, kwa sababu kuna mtu alimwahidi.

Nikaiandika polepole, herufi kubwa, bila kukosea. Darubini akasubiri wino ukauke. Macho yote mawili yalikuwa wazi. Sikujua kama anaweza.

Jumatano, tarehe 19 Machi

Nuru imeniwakia!

Leo nilikuwa sina la kufanya, nikafungua kile kijitabu cha kanuni. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuvuka ukurasa wa tisa. Ukurasa wa arobaini na moja: *kliniki tembezi*. Yaani kliniki ndani ya gari! Nimesoma kifungu chote mara mbili. Hakuna popote palipoandikwa sentimita tisini. Hakuna neno juu ya ndoo. Wanataka gari lililofungika, lenye kivuli na hewa, basi. Na kila kliniki tembezi lazima iwe na Mratibu. Mratibu ni mkubwa kuliko Msimamizi, nimeuliza watu.

Mtaa wa pili kuna mwenye kiwanda cha mikate, anauza gari lake la zamani la kusambazia, lile la boksi. Nimekwenda kulikagua wakati wa chakula cha mchana. Nafasi tele! Rafu za mikate tayari zipo, zitafaa sana kwa watoto wachanga. Hewa inapita kwenye tundu lililotobolewa na kutu. Nimeshamwambia asimuuzie mtu mwingine, kituo cha afya kinalichukua. Daktari Mkuu nitamweleza siku akiwa na furaha.

Mwenye kiwanda, ambaye ni mtu wa wasiwasi, amenionya kwamba mlango wa nyuma unafunguka kwa nje tu, aliyeko ndani hawezi kujitoa. Nimemwambia hilo ni dogo. Mratibu atakuwa nje.